Kipimo na Mpimaji katika Kaptula la Marx

Tamthilia ya Euphrase Kezilahabi, Kaptula la Marx, iliandikwa mwaka 1978, ikachapishwa mwaka 1999. Aghalabu husomwa kama kejeli juu ya siasa ya Ujamaa wa Tanzania: Rais Kapera anavaa kaptula inayompwaya, kisha anawaongoza mawaziri wake katika safari ya kuitafuta nchi ya Usawa. Usomaji huo una msingi, ila ni mfinyu.

Jina lenyewe ladokeza zaidi. Kwa kawaida husemwa "kaptula ya". Upatanisho wa "la" walikuza vazi na kulidunisha papo hapo. Kinachochekwa hasa ni kipimo: vazi lililokatwa kwa mwili wa mtu mwingine, nalo likavaliwa bila kupunguzwa.

Msomaji wa Elburgon anaweza kulijaribu wazo hili kwa historia ya jirani. Kusini mwa mji huo, huko Olenguruone, serikali ya kikoloni ilianzisha makazi mwaka 1941 kwa Wakikuyu waliohamishwa kutoka sehemu nyingine. Kila familia iligawiwa karibu ekari 8, pamoja na masharti juu ya kilimo na urithi. Mashamba ya Wazungu ya eneo hilo hayakukatwa kwa kipimo hicho. Wakazi waliyakataa masharti, wakidai kwamba wao ni wenye ardhi wala si wapangaji. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa. Serikali hiyo haikuwa na haja na Marx, lakini ilijua kuwafanya watu sawa chini ya mkono wake.

Tofauti hapana budi itajwe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko: wasiwe na mishahara miwili, wala nyumba za kupangisha. Hapo mpimaji naye alipimwa. Katika uhamishaji wa vijiji wa miaka ya 1973 hadi 1976, mkulima ndiye aliyesogezwa, mara nyingi kwa nguvu.

Kwa hiyo, kuifundisha tamthilia hii kama tanzia ya ujamaa ni kuipunguzia makali. Swali lake laihusu kila serikali iahidiyo usawa: je, anayeshika kipimo yumo miongoni mwa wanaopimwa?