Zamu ya Viambishi katika Nomino ya Kituruki

Kiswahili husema "nyumbani mwangu": mahali kwanza, mwenye nyumba baadaye. Kituruki cha Uturuki hugeuza mfuatano huo: evimde. Ev ni nyumba, -im ni yangu, -de ni mahali. Wingi ukija hutangulia vyote viwili: evlerimizden, kutoka katika nyumba zetu. Irabu nazo hufuata shina, ndiyo maana okul, yaani shule, huzaa okullarımızdan. Viambishi ni vilevile. Kilichobadilika ni sauti tu.

Mfuatano huu si mazoea matupu. Kila kiambishi hutawala yote yaliyokitangulia, na ushahidi wangu ni neno anne, mama. Annelerim ni mama zangu, zaidi ya mmoja, kwa kuwa wingi umeishika nomino kabla ya umiliki kufika. Katika annemler umiliki umewahi, wingi ukafuata: mama ni mmoja, na -ler inawakusanya walio pamoja naye. Ni kina mama yangu, kama tusemavyo kina Juma. Vipande ni vilevile, ila zamu imebadilika, na zamu hiyo peke yake imeleta watu wengine kabisa. Sijui uzuri wa sarufi kama si huu.

Lakini kuna mahali umbo linabana. Evleri husomeka kwa njia nne: nyumba zake, nyumba yao, nyumba zao, au nyumba fulani zinazojulikana zikiwa yambwa ya kitenzi. Kituruki hakikubali -ler mbili zifuatane hapo, basi wingi wa nyumba na wingi wa wenyewe humezwa katika kiambishi kimoja. Siafiki kuiita hali hii kasoro, maana sentensi ina zana zake. Ukisema onun evleri, yaani nyumba zake, nyumba ni nyingi na mwenyewe ni mmoja. Mwenye mali ana alama yake, -un, na mali nayo ina yake, -i. Uhusiano umefungwa pande zote mbili.

Alama ya mahali nayo husaidia, japo nusu. Evlerde ni katika nyumba, bila kutaja za nani. Katika evlerinde lazima awepo mwenyewe: yeye, wao, hata wewe, kwani -in ya "yako" hutoa umbo hilohilo. Neno la mwenyewe likitangulia, kama senin, yako, au onun, yake, ndilo litakaloamua.