Kilipuzi, Mshale na Tone la Dawa: Kifaru Anavyolazwa Bila Kuumizwa

Risasi ikishafika imemaliza kazi yake. Mshale wa dawa ya usingizi ukifika ndipo kazi inapoanza: sharti upenye ngozi nene ya kifaru, umwage dawa ndani ya msuli, na usivunje mfupa wala kupasua nyama. Kwa hiyo daktari wa wanyamapori anayepima kilipuzi na mshale ana kibarua kigumu kuliko cha mwindaji. Nguvu ikipungua, mshale huanguka njiani au hugonga ngozi na kudunda. Ikizidi, mnyama aliyekusudiwa kuokolewa hubaki na jeraha baya.

Sehemu kubwa ya maarifa haya ilipitia hapa kwetu Nairobi. Ukitoka Parklands ukashika Barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, utafika Kabete, ambako masomo ya udaktari wa mifugo yalihamishiwa kutoka Makerere mwaka 1962. Miongoni mwa waliofundisha Makerere na baadaye Nairobi ni Toni Harthoorn, daktari aliyetumia miaka mingi kutafuta namna ya kumlaza mnyama wa porini na kumwamsha akiwa mzima. Kazi yake na ya mkewe, Sue Hart, ndiyo iliyowapa Wamarekani wazo la kipindi cha televisheni cha "Daktari" katika miaka ya 1960.

Chombo chenyewe kilitoka Marekani. Katikati ya miaka ya 1950, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia walikuwa wakiwadunga kulungu kwa mishale yenye nikotini, na Harold Palmer wa jimbo hilohilo akaunda na kuuza bunduki na mishale iliyoitwa Cap-Chur. Tuutazame mshale huo kwa karibu. Ni bomba la sindano la aluminiamu, mbele lina sindano, nyuma lina kishada cha nyuzi kinachouongoza hewani. Katikati mna kizibo cha mpira, na nyuma ya kizibo mna kilipuzi kidogo. Mshale ukigonga mwili, kipini kilicho ndani hujisukuma mbele kwa ule mshtuko, kilipuzi kinawaka, gesi inasukuma kizibo na dawa inaingia. Basi kuna milipuko miwili katika pigo moja: wa kwanza mtutuni, kwa risasi baridi zenye rangi tofauti kulingana na nguvu zake, na wa pili ndani ya mshale wenyewe.

Hesabu ya mwendo wake ndiyo inayowasumbua hata walenga shabaha hodari. Chukua mshale unaotoka kwa mita 60 kwa sekunde. Kufikia shabaha iliyo umbali wa mita 40 utahitaji thuluthi mbili za sekunde, na katika muda huo utakuwa umeshuka zaidi ya mita mbili. Kifaru anayekimbia kilomita 40 kwa saa naye atakuwa amesogea mita saba. Sasa sogea hadi mita 20: mshale unashuka kama nusu mita tu. Mtu atauliza, kwa nini usiongeze kilipuzi ukafyatua kutoka mbali? Kwa sababu nishati ya pigo hukua kwa mraba wa kasi. Ukiongeza kasi maradufu, pigo linakuwa mara nne, na linaishia kwenye msuli wa mnyama unayetaka aamke na kutembea.

Hapo ndipo dawa za zamani zilipowakwamisha madaktari. Nyingi zilikuwa hafifu kwa mnyama mkubwa, ikabidi zijazwe nyingi. Dawa nyingi ni mshale mrefu na mzito, mshale mzito unadai kilipuzi kikubwa, na kilipuzi kikubwa kinaumiza. Mwaka 1964 R. V. Short na J. M. King walieleza katika jarida la madaktari wa mifugo muundo wa upinde wenye kitako na kifyatulio kama cha bunduki, wa kurusha mshale wa dawa bila baruti. Ilikuwa hatua nzuri, lakini ilishughulikia kirushio, na mzigo ukabaki uleule.

Mzigo ulipunguzwa na wanakemia. Huko Scotland, Kenneth Bentley na wenzake wa kampuni ya Macfarlan Smith walitengeneza etorfini, iliyojulikana kwa namba M99, yenye nguvu zaidi ya mara elfu kuliko mofini. Mwaka 1965 King na mwenzake Carter walichapisha taarifa ya kuitumia kwa vifaru weusi, pamoja na M285, dawa ya kuwazindua. Kipimo cha kumlaza kifaru mzima kikawa miligramu chache, majimaji yasiyojaza kijiko cha chai. Mshale ukawa mfupi na mwepesi, na pigo likapungua. Kwa maoni yangu, hapo ndipo usahihi ulipopatikana. Mafundi wa bunduki walifanya kazi ya kuheshimiwa, ila tone la dawa liliwapa nafasi ambayo mtutu pekee haukuweza kuwapa.

Siku hizi mishale mingi husukuma dawa kwa hewa iliyobanwa badala ya kilipuzi cha ndani, jambo linalopunguza madhara kwa msuli. Sindano hutobolewa matundu ubavuni ili isizibwe na kipande cha ngozi. Dawa huchanganywa na kimeng'enya cha kuharakisha kusambaa kwake, maana kila dakika ambayo kifaru anakimbia akiwa na dawa mwilini joto lake linapanda na hatari inaongezeka. Akidungwa sawasawa hulala ndani ya dakika chache. Timu nayo hubeba dawa ya kumzindua binadamu, kwa sababu etorfini ikimwingia mtu kwa bahati mbaya inaweza kusimamisha pumzi yake.

Bado hitilafu hutokea. Mnamo Januari 2024, katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kifaru wa kwanza kulengwa ili ahamishwe alidungwa kutoka kwenye helikopta akakimbilia kijitoni. Dawa haikumlaza ipasavyo, na maafisa wakamwachilia. Uamuzi huo nausifu. Kazi iliendelea, na vifaru 21 kutoka Nairobi, Ol Pejeta na Lewa wakapelekwa Loisaba, Laikipia. Mwaka 2018 mambo yalikwenda kinyume: vifaru 11 waliotolewa Nairobi na Nakuru na kupelekwa Tsavo Mashariki walikufa wote. Kumi kati yao walikufa kufuatia kunywa maji ya chumvi, na wa mwisho alishambuliwa na simba. Mishale ilikuwa imefanya kazi yake. Maandalizi mabovu ya huko walikopelekwa ndiyo yaliyowaua, na hilo linauma zaidi kwa nchi iliyokuwa na vifaru weusi takriban 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikabaki na wasiofika 400 mwishoni mwa miaka ya 1980.

Basi utakaposikia kwamba vifaru wengine wanahamishwa, waulize wahusika maswali matatu: walifyatua kutoka umbali gani, mnyama alilala baada ya dakika ngapi, na maji ya huko aendako yamepimwa na nani. Majibu hayo yatakueleza ubora wa kazi yao kuliko picha yoyote ya helikopta.