Tesarakti au Mche wa Mchemraba? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Jometri

Istilahi ya kitaalamu hupimwa kwa mambo mawili: je, yataja kitu kimoja bila utata, na je, yamsaidia mwanafunzi kukielewa kitu chenyewe? Katika makala haya twanuia kuipima kwa kipimo hicho istilahi "tesarakti", ambayo ni rahisi mno kuiingiza katika Kiswahili kwa kubadilisha tahajia peke yake.

Neno hili lilibuniwa na mwanahisabati Mwingereza, Charles Howard Hinton, nalo likatokea katika kitabu chake cha mwaka 1888, A New Era of Thought. Alilijenga kwa maneno mawili ya Kiyunani: la kwanza lina maana ya "nne" na la pili "mwale". Sababu yake ni dhahiri. Katika kila pembe ya mraba hukutana kingo mbili. Katika kila pembe ya mchemraba hukutana tatu. Na katika umbo alilolikusudia Hinton hukutana nne, kila moja ikiwa imesimama wima juu ya nyingine zote. Macho yetu hayawezi kuliona umbo hilo, lakini hesabu yake ni ya yakini: lina pembe 16, kingo 32, nyuso za mraba 24, na limezingirwa na michemraba 8.

Hata kwa wenyewe, hata hivyo, neno hili halikutulia. Waliotaka jina la umbo la mielekeo mitano walisema "penterakti", wakaichukua sauti r, ambayo asili yake ni sehemu ya neno la "nne", wakaifanya sehemu ya kiishio. Hatuna haki ya kuwacheka, kwani sisi nasi tuliikata ki- ya neno la Kiarabu tukapata kitabu na vitabu. Lakini yatudhihirikia kwamba mzizi ulikwisha kusahauliwa. Katika riwaya ya Madeleine L'Engle, A Wrinkle in Time (1962), neno limekuwa jina la safari ya kukunja anga. Na katika filamu ya The Avengers (2012) ni mchemraba wa kawaida unaong'aa, unaoshikika mkononi. Ikiwa neno limewapotea walio karibu na chimbuko lake, litamfaa nini mwanafunzi wa Mombasa au Kisumu?

Wapo watakaopendekeza "mchemraba wa pande nne". Pendekezo hili lina kasoro kubwa, kwa kuwa upande kwetu ni ubavu wa umbo vilevile, na umbo la pande nne zilizo sawa humkumbusha msikilizaji mraba wenyewe. Isitoshe, neno mraba lenyewe limetokana na Kiarabu likiwa na "nne" ndani yake. Wengine watasema "mchemraba mkuu". Hili nalo halifai: mkuu hudokeza ukubwa au cheo, ilhali jambo tunalolitafuta ni mwelekeo mpya.

Kwa maoni yetu, jawabu limo ndani ya neno mche. Tuutazame mche wa sabuni. Muuzaji aukatapo kwa kisu, kila kipande huwa na uso wa umbo lilelile, tangu mwanzo hadi mwisho. Mche, basi, ni umbo lililoburutwa kuelekea upande lisiokuwamo. Mraba ukiburutwa hivyo kwa pembemraba, mwendo ulio sawa na ubavu wake, twapata mchemraba. Mchemraba nao ukiburutwa vivyo hivyo kuelekea mwelekeo wa nne, twapata mche wa mchemraba, na hilo ndilo umbo la Hinton, bila kupungua wala kuzidi. Mwanafunzi aweza hata kuzihesabu pembe: 8 za mwanzo wa safari na 8 za mwisho wake, jumla 16. Kingo ni 12 na 12, pamoja na 8 zilizochorwa na pembe zilipokuwa zikienda: jumla 32.

Yamkini tutapingwa kwamba mche hautaji usawa wa kingo. Ni kweli, masharti hayo hayana budi kutajwa katika fasili, kama tufanyavyo kwa mchemraba wenyewe. Tena, "mche wa mche wa mche" utachosha ulimi tukifika mielekeo saba. Kwa hiyo twapendekeza "mchemraba wa mielekeo minne", "mitano" na kuendelea liwe jina la jamii nzima, na "mche wa mchemraba" liwe jina la umbo la nne na njia ya kulifundishia. Tesarakti na ibaki katika historia ya istilahi.

Kukopa si aibu, na Kiswahili kimekopa sana. Aibu ni kukopa jina huku maelezo yake tunayo nyumbani, yamelala dukani kando ya mche wa sabuni.