Namna ya Kukijua Kioo Chema cha Saratani ya Mlango wa Kizazi

Kinyama kilichokatwa kwenye mlango wa kizazi wa mama wa Lusu, wilayani Nzega, huenda kikasafiri hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, kabla hakijasomwa. Atakayekisoma kwa hadubini atatafuta njia humo. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua kwamba mzigo haufiki Ujiji wala pwani pasipo njia; saratani nayo hupita kwenye mishipa ya limfu kuyafikia matezi ya nyonga, tena uvimbe hutoa protini ya VEGF-C inayoiotesha mishipa hiyo.

Chupa. Anzia hapa. Kinyama kitiwe mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, iliyo mara kumi ya ujazo wake, kikae saa 6 hadi 72. Kikishaoza, hakuna fundi wa kukiokoa.

Mkato. Kipande kinachowekwa kwenye kioo kiwe cha unene wa maikroni 3 au 4, bila mikunjo wala mikwaruzo ya kisu.

Rangi. Kingamwili D2-40 hushika podoplanini, protini ya ukuta wa limfu. Kwenye kioo chema, mshipa wa limfu ni mstari mwembamba wa kahawia, na mishipa ya damu haishiki rangi. Kagua mishipa ya limfu ya nyama nzima iliyo pembeni: nayo isipopata rangi, usiamini jibu la "hakuna". Seli za chini kabisa za utando wa juu pia huweza kushika rangi hiyo, zisikupoteze.

Pengo. Hapa ndipo mjuzi hujulikana. Nyama ikiandaliwa husinyaa, ikaacha uwazi mweupe kuzunguka kundi la seli za saratani. Mwanafunzi huuita mshipa. Wewe tafuta ukuta wa kahawia wenye seli bapa. Usipouona, huo ni uwazi tu.

Hesabu. Tazama kioo chote kwa ukuzaji mdogo, chagua sehemu zenye mishipa mingi ya limfu, ndipo ukuze na kuhesabu. Ripoti itaje mishipa ilikohesabiwa. Tafiti hazijakubaliana juu ya uzito wa wingi wa mishipa. Seli za saratani zilizoonekana ndani ya mshipa ni onyo zito zaidi, kwa kuwa zimo njiani kuelekea matezi, na matezi yakifikiwa, mwongozo wa 2018 wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, huipandisha saratani hadi hatua ya IIIC.

Ripoti inayothubutu kuandika "kinyama hakitoshi" imeandikwa na fundi mkweli. Na kioo kikisifiwa Mwanza, sehemu ya sifa hiyo ni ya muuguzi aliyeijaza chupa na kuandika jina sawasawa.