Jinsi ya Kulipima Jarida la Katuni la Mtoto

Mzazi wa Mwea anayeingia mjini Wang'uru kumtafutia mtoto kitu cha kusoma wakati wa likizo asihadaiwe na jalada lenye rangi kali. Jarida bora la katuni hujulikana kwa jambo moja: somo ndilo linalofungua fundo la hadithi. Ukiliondoa, hadithi haifiki mwisho.

Hadithi. Soma kurasa chache huku ukiruka kila kiputo chenye mafundisho. Mambo yakiendelea kama kawaida, somo limebandikwa tu, mara nyingi kwa kumleta mwalimu au daktari ahubiri kwenye kisanduku cha mwisho. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza Nairobi mwaka 2010 na kupata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, ni la vijana, lakini linafaa kuwa kipimo hata kwa majarida ya wadogo. Limewahi kuonyesha kwamba vifaranga wakipakwa rangi, mwewe hawawanyakui. Hapo mwenye kuku ana shida, anatafuta ujanja, na ujanja huo ndio somo. Hakuna mahali pa kuhubiri.

Ukweli. Tuchukue kichocho, ugonjwa unaojulikana sana hapa Mwea, ambako maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yamekuwa yakinywesha mashamba ya mpunga tangu miaka ya 1950. Ukiona mtoto amechorwa akinywa maji machafu kisha anaugua kichocho, rudisha jarida hilo mezani. Mayai ya minyoo huingia majini kupitia choo au mkojo wa mgonjwa, yakaanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humo hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga au kucheza mferejini. Mchoraji makini hutenga kisanduku kizima kwa konokono aliyeshika jani chini ya maji, na kinachofuata kwa miguu mitupu inayoingia maji hayohayo. Mtoto ataunganisha mambo mwenyewe, na alichokiunganisha mwenyewe hakisahau upesi.

Picha. Funika maneno yote kwa karatasi. Je, bado unajua nani anaogopa, nani anadanganya, na jicho liende wapi baada ya kila kisanduku? Kisha angalia kama mchoraji anaijua nchi anayoichora. Mpunga wa Mwea huoteshwa kitaluni, ukahamishiwa majaruba yenye maji na watu walioinama, miguu ikizama topeni. Ukichorwa umesimama kwenye udongo mkavu kama mahindi, mtoto wa hapa atagundua mara moja, na hataamini hata yaliyo kweli katika ukurasa huo.

Lugha. Kiputo kibebe sentensi moja au mbili, kwa Kiswahili ambacho mtoto angekitamka. Mchoraji Edward Gitau alimchora mhusika wake wa katuni, Juha Kalulu, kwa miongo mingi katika gazeti la Taifa Leo, na kazi yake yatosha kuthibitisha kwamba visanduku vichache na maneno machache hujenga kisa kamili chenye kicheko. Panapohitajika maelezo marefu, yawekwe pembeni, yasitiwe kinywani mwa mhusika anayekimbia.

Karatasi. Miaka ya 1980 shirika la CARE Kenya lilitoa Pied Crow, jarida la katuni kuhusu mazingira lililopelekwa katika shule za msingi. Jarida la shule kama hilo hupita mikono mingi. Kwa hiyo vuta kurasa za katikati uone kama pini zimeshika, na uangalie kama rangi imevuka mistari ya mchoro. Herufi ziwe kubwa za kutosha kusomeka jioni kwa taa ndogo.

Mwisho, mpe mtoto alisome bila kumweleza chochote. Siku moja au mbili zikipita, usimuulize amejifunza nini. Mwambie akusimulie kilichotokea. Akieleza mwenyewe kwa nini mhusika aliuogopa mfereji wenye konokono, nunua toleo linalofuata. Akikumbuka vituko tu na kusahau sababu, kosa si lake; tafuta jarida lingine.