Usajili Hupimwa Shingoni

Dirisha kubwa limefungwa na hukumu zimeshatolewa. Ipo timu moja, jina lake nalihifadhi, ilimaliza msimu uliopita ikihema na kuponea mechi za mwishoni. Leo inasifiwa kuanzia vipindi vya michezo vya asubuhi hadi vijiwe vya kahawa kwamba imefanya usajili wa kutisha. Vyuma vimeshuka 11. Kila kimoja kimetambulishwa saa sita usiku kwa moshi, miwani myeusi na muziki, mchezaji akigeuka taratibu kuonyesha jina mgongoni. Mchambuzi mmoja ambaye kwa mengine namheshimu aliwapa alama tisa kwa kumi. Nikahesabu mwenyewe: namba kumi watatu, mawinga wanne wote wa mguu wa kulia, straika wawili, kipa na beki wa kulia. Namba sita hakuna. Timu iliyokuwa ikipitika katikati msimu mzima imekwenda sokoni ikarudi na watu wa kupiga nao picha.

Nimekaa kwenye kamati za usajili, nimekaa na mawakala hotelini mpaka kahawa ikapoa, na majukwaani nimekaa zaidi ya kote huko. Sina subira tena na mtu anayepima usajili kwa kuhesabu majina.

Kabla hujataja mchezaji yeyote, taja mabao mliyofungwa. Yaandike kwenye karatasi moja moja: lilianzia wapi, nani alipoteza mpira, nani hakuwepo alipotakiwa kuwepo. Ukimaliza, karatasi yenyewe itakutajia namba ya kusajili, na aghalabu ni namba mbili au tatu. Mwenye kusajili 11 hajui anapovuja.

Dirisha ninalolitolea mfano kila mara ni lile la 2021. Yanga walikuwa hawajaonja ubingwa tangu msimu wa 2016/17, Simba wameubeba mara nne mfululizo. Wananchi wakamleta Djigui Diarra golini, Djuma Shaban beki ya kulia, Yannick Bangala na Khalid Aucho katikati, Fiston Mayele mbele. Isome orodha hiyo kutoka golini kwenda mbele uone kama kuna pengo. Kuna jambo jingine watu walilipita: Djuma, Bangala na Mayele wote walipitia AS Vita ya Kinshasa, wakaja na mpira wa aina moja miguuni. Majira hayohayo Simba wa Msimbazi walimuuza Clatous Chama kwa RS Berkane na Luis Miquissone kwa Al Ahly, Miquissone yule aliyewatungua haohao Al Ahly kwa Mkapa Februari ya mwaka ule. Kuuza siwalaumu, hela ni hela. Lakini wawili hao ndio waliokuwa wakiamua mpira uende wapi, na huwezi kuwaondoa wote dirisha moja ukategemea wengine wajue njia. Msimu uliofuata Yanga walichukua ubingwa bila kufungwa mechi hata moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo shabiki halioni hata ukimwelekezea kidole. Shingo.

Mpira ukiwa bado mguuni mwa beki, achana nao. Mtazame kiungo anayeungoja. Kabla pasi haijapigwa, kichwa chake kimegeuka mara ngapi kuchungulia nyuma ya bega? Mara moja ni adabu tu. Mara mbili, huyo ni mchezaji. Mara tatu, na ile ya tatu iwe pasi imeshaanza safari, mwandalieni mkataba kabla wengine hawajaamka. Ukitoka shingoni teremka kwenye nyonga: amejifungua nusu ili aupokee kwa mguu wa mbali na kuelekea mbele, au amempa mgongo anayemkaba na hana la kufanya ila kuurudisha alikotoka? Mguso wa kwanza ndio utakaokuambia aliona nini. Alichungulia, akakuta kushoto kuna mtu, mpira ukaenda kulia bila haraka: huyo ana macho. Alichungulia na bado akaugusa kuelekea kwa adui: huyo aligeuza shingo kwa mazoea, macho hayakuleta habari yoyote.

Aucho aliambiwa mzito tangu wiki ya kwanza. Mzito alikuwa kweli. Ila miaka yote aliyokaa Jangwani sikumwona akihitaji mbio, maana mpira ulipomfikia alikuwa ameshamaliza kuamua. Jirani yangu jukwaani, mtu wa Yanga damu, alimlaani misimu miwili mizima kwa kupiga "pasi za karibu". Pasi hizo za karibu ndizo zilizokuwa zikimgeuza kiungo wa timu pinzani atazame goli lake mwenyewe. Jirani hakuziona kwa sababu macho yake yalikuwa yameshakwenda na mpira kwa Mayele.

Televisheni haisaidii hapa. Kamera hufuata mpira, na shingo inayotafutwa iko nje ya picha. Nenda uwanjani, keti juu, nyuma ya goli kama unaweza. Na uzingatie uwanja. Kule Manungu, ambako mpira hauaminiki unaruka vipi, hata kiungo mwenye akili atainamisha macho kwenye nyasi, kwa hiyo mwongezee alama. Kwenye nyasi bandia za Kaitaba hana kisingizio.

Timu inayosuasua inalihitaji jambo hili la shingo kuliko timu kubwa. Mchezaji wa timu inayomiliki mpira hupewa nafasi na wenzake. Kwenye timu ya mkiani mpira unakuja pamoja na watu wawili. Fundi aliyeng'ara kule juu akishuka kwenu anageuka galasa ndani ya mwezi, mnaanza kusema kalogwa. Hajalogwa. Hakuwahi kulazimika kuchungulia.

Namkumbuka mzee mmoja wa Morogoro, kocha ambaye vyeti vyake sikuwahi kuviona na sikuvihitaji. Siku ya majaribio aliwaacha vijana wacheze dakika ishirini, kisha akawatoa mmoja mmoja na kuwauliza swali la kipuuzi: namba tatu wao amevaa viatu vya rangi gani? Waliopiga kanzu na tobo, waliofanya watu washangilie, walibaki wakitazamana. Kijana mmoja mwembamba, aliyekuwa hajagusa mpira mara nyingi, akajibu kwamba namba tatu amevaa viatu viwili tofauti, na cha kulia kamba imelegea, ndiyo maana yeye alikuwa anapita upande huo. Mzee alimwambia abaki. Wengine wakapewa nauli.

Matapeli nao wanalijua jambo hili, hata kama hawalitaji. Tazama video yoyote ya wakala: kila tukio linaanza mpira ukiwa tayari mguuni. Mkasi umepita palepale ambapo ungeona shingo. Kumnunua mchezaji kwa video hizo ni kununua gari kwa kusikiliza honi. Niliwahi kuletewa moja ya dakika nne, winga anapiga chenga watu kama hawapo, na ubao wa matokeo pembeni umefutwa kwa ukungu. Nikauliza kwa nini. Wakala akasema ni mambo ya haki za matangazo. Tulipoipata mechi yenyewe tukakuta wanaongoza kwa mabao matano, dakika ya themanini na kitu, beki anayepigwa chenga kashika kiuno. Video nyingine ilikuwa na watu wawili ndani yake, jezi moja, namba moja, misimu tofauti. Mmoja alikuwa wa mguu wa kushoto. Kamati nzima ilikuwa imeshapiga makofi.

Shingo ya straika ina namna yake. Yeye hachungulii adui wala mpira, anachungulia mpigaji wa krosi: kichwa cha winga kikiinama kupiga, straika lazima awe ameshaondoka. Hapa ndipo Simba walipompoteza Amissi Tambwe. Mrundi yule alikuja 2013 akitokea Vital'O, akamaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19, na ilipofika dirisha dogo la Desemba 2014 wakamwacha aende. Hakuwa na chenga. Hakuwa na mbio za kuridhisha jukwaa. Yanga wakamchukua mchana kweupe, wakamweka mbele ya Simon Msuva anayekimbia na Juma Abdul anayepiga krosi kutoka beki ya kulia, na msimu wa 2015/16 akafunga 21, mfungaji bora tena, akiwa na jezi ya kijani. Tambwe alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni watu wa kumlisha. Ukisikia mtu anasema "tumepata straika wa mabao 20", mwulize alilishwa na nani, na huyo mlishaji mmemsajili pia?

Wageni na majina ya mbali yasikutishe. Mwaka 2019 Simba walileta Wabrazili watatu kwa mpigo, na gumzo lote la Kariakoo lilikuwa juu ya straika. Aliyedumu na kupendwa alikuwa Gerson Fraga, kiungo mkabaji, ambaye mwanzoni watu walimwona wa kujazia. Sikushangaa hata kidogo.

Mengine nitayapitia haraka. Timu isiyo na beki wa kati wa mguu wa kushoto haijakamilika. Ukitaka kujua sababu, mtazame wa mguu wa kulia akipokea mpira upande huo akiwa amebanwa. Nahodha awe mzawa. Kipa asibadilishwe dirisha dogo hata akiwa mbovu. Mchezaji aliyezidi miaka 30 asajiliwe tu kama anajua kufundisha akiwa ndani ya uwanja, na miaka yenyewe muulize mama yake, cheti acha. Aliyeondoka kwa kishindo asirudishwe: Miquissone aliporejea Msimbazi 2023 tulipata jina lake tu. Mtanitajia Emmanuel Okwi, aliyerudi Simba 2017 na kufunga mabao 20 msimu huo. Okwi ni Okwi. Kanuni haikuwekwa kwa ajili yake.

Na kuna hili la wazawa, linaloniuma. Nafasi za wageni zipo, basi viongozi wanaziona kama deni la kulipa. Mikoa iliyokuwa ikilea watu imeachwa. Tukuyu Stars walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 1986, Coastal Union 1988, na vikosi vile havikutokana na moshi wala miwani. Sunday Manara wazee walimwita Kompyuta enzi ambazo ofisi nyingi nchini hazijawahi kuona kompyuta, akaenda hadi Heracles ya Uholanzi. Sidhani jina lile lilitokana na ukubwa wa paja. Uwanja wa Shamba la Bibi ulikuwa na watazamaji waliojua kunyamaza kiungo anapojifungua. Leo tunashangilia chenga iliyopigwa kwenye kibendera cha kona, mita thelathini na kitu kutoka lilipo goli.

Basi mkienda sokoni dirisha dogo, mwambieni wakala aziweke pembeni zile dakika nne. Mwombeni mechi nzima, ya ugenini, ambayo timu ya mchezaji wake ilifungwa. Hapo wengi huanza kukuna vichwa. Mmoja alinijibu kwa upole kabisa kwamba mechi za namna hiyo anazo, ila "hazina matukio". TP Mazembe hawakusubiri matukio. Mwaka 2011 walikutana na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, wakawafunga, kisha wakarudi kumchukua kijana wa upande uliofungwa. Mbwana Samatta alitwaa ubingwa wa Afrika nao 2015 akiwa miongoni mwa vinara wa mabao, na Januari iliyofuata akaenda Genk. Mechi hiyo mkiipata, zimeni sauti ya mtangazaji kwanza, halafu msiutazame mpira.