Cassandra: Kazi Kubwa Iko kwa Draiva

Cassandra, hifadhidata iliyozaliwa ndani ya Facebook na kutolewa kwa umma mwaka 2008, haina seva kuu. Kila nodi, yaani kila seva ya klasta, inaweza kupokea ombi lolote. Wengi wakisikia hivyo hudhani kuunganisha programu ni kuandika anwani ya seva moja, basi. Lakini kasi na ustahimilivu wa klasta hutegemea sana draiva, yaani maktaba iliyo upande wa programu inayoongea na klasta, na asiyeielewa hujinyima kile kile alichoifuatia Cassandra.

Tuanze na muunganisho wa kwanza. Programu huipa draiva anwani mbili tatu za kuanzia, kwa kawaida kwenye poti 9042. Draiva huingia kwenye nodi moja na kusoma majedwali ya ndani, system.local na system.peers. Humo hukuta nodi zote, kila moja iko kituo gani cha data na inashika sehemu gani ya data. Hujiandikisha pia kupata taarifa nodi inapozimika au kuongezwa. Ndipo hufungua miunganisho kwa nodi nyingine.

Kazi hiyo ina gharama, ndiyo maana kikao, yaani miunganisho hiyo yote kwa pamoja, hufunguliwa kimoja tu programu inapoanza, kikatumika hadi mwisho. Anayefungua kikao kipya kwa kila ombi hulipa gharama ile ile kila mara, tena bila sababu: tangu toleo la tatu la itifaki ambayo draiva huongea nayo na seva, lililokuja na Cassandra 2.1, muunganisho mmoja unaweza kubeba maombi hadi 32,768 kwa pamoja. Awali yalikuwa 128.

Utamu wenyewe uko kwenye kuchagua nodi. Chukua ombi hili:

SELECT salio FROM wateja WHERE simu = ?

Likiandaliwa mapema, seva hulichambua mara moja na kuiarifu draiva kwamba penye alama ya kuuliza ndipo panapokaa ufunguo unaoamua data ihifadhiwe wapi. Namba ya simu ikishatiwa, draiva huipigia hesabu ya Murmur3, hupata tokeni, yaani namba inayoonyesha data iko wapi, kisha hutuma ombi moja kwa moja kwa nodi yenye nakala. Namba ikibandikwa ndani ya maandishi ya ombi, draiva haina cha kukokotoa. Itachagua nodi yoyote, nayo huenda ikalazimika kulipeleka ombi kwa nyingine. Safari imeongezeka, na nodi ya kwanza imebeba mzigo usio wake.

Penye hatari zaidi ni kurudia maombi. Muda ukiisha bila jibu, draiva haijui kama data iliandikwa au la. Kuandika tena anwani ile ile ya mteja hakuna madhara, lakini kuongeza moja kwenye kihesabu kunaweza kuhesabiwa mara mbili. Kwa hiyo draiva ya Java hulichukulia kila ombi kuwa si salama kurudiwa, mpaka mwandishi wa programu atamke vinginevyo. Ndivyo inavyopaswa, kwa sababu maana ya data anaijua yeye.

Kabla ya kununua seva nyingine, basi, kagua programu yako. Je, kikao ni kimoja? Kituo cha data cha karibu kimetajwa, ili draiva ichague nodi za humo? Maombi yanayorudiwarudiwa yameandaliwa? Yaliyo salama kurudiwa yametiwa alama? Klasta iliyolaumiwa kwa uzito mara nyingi haina kosa. Imetumiwa na programu isiyoiachia draiva ifanye kazi yake.